Bunda la Unga Chini ya Kitanda

(Mazungumzo ya ibada yaliyosomwa redioni. Somo: 2 Wafalme 6:24 hadi 7:20)

Ninyi mlio jikoni mkingoja chai ichemke, ninyi mlio safarini, na wewe uliyelala hospitalini na redio ndogo kando ya mto wako, hamjambo?

Leo nataka tuzungumze juu ya kwenda dukani. Labda utashangaa na kusema, "Mchungaji ameishiwa na maneno, sasa anatuhubiria juu ya sukari na sabuni." Lakini Biblia haioni haya kutaja bei ya vitu. Katika somo letu mji wa Samaria umezingirwa na jeshi la Shamu, hakuna kinachoingia wala kutoka, na mwandishi anatuandikia bei za sokoni kama karani. Kichwa cha punda kiliuzwa kwa vipande 80 vya fedha. Kichwa, si punda mzima! Tena punda kwa Waisraeli alikuwa najisi, na kichwani mwake hamna nyama ya kushibisha watu wawili. Kisha robo ya kibaba cha mavi ya njiwa, vipande 5 vya fedha. Wako wafasiri wasemao hilo lilikuwa jina la mmea fulani wa maskini. Tulipokuwa chuo cha theolojia tulibishana juu ya jambo hilo kipindi kizima, mpaka kengele ya chakula ikalia, nasi tukaliacha bila kumaliza.

Mimi nilikuwa naisoma habari hiyo kama mtu asomaye mambo ya mbali. Nilikuja kuielewa Garissa.

Wale msioufahamu mji wetu, Garissa iko ukingoni mwa Mto Tana, na daraja ndilo mlango wetu. Wazee wa hapa, wakisafiri kwenda Thika au Nairobi, hata leo utawasikia wakisema wanakwenda "Kenya", kana kwamba wanavuka mpaka. Maneno hayo yana historia yake. Vita vya Shifta vilianza mwaka 1963, sheria za hali ya hatari zikawekwa, na ingawa mapatano yalifanyika Arusha mwaka 1967, sheria hizo za Mkoa wa Kaskazini Mashariki hazikuondolewa mpaka mwaka 1991. Watu walikusanywa katika vijiji vilivyolindwa, na mifugo mingi ikapotea. Tena Oktoba 2011 majeshi yetu yalivuka kuingia Somalia. Kwa hiyo mama wa Garissa hahitaji kufundishwa kwamba risasi ikilia mahali, bei ya sukari husikia kabla yake.

Lakini vita vilivyotupata mwaka 2022 vilikuwa mbali sana. Tarehe 24 Februari mwaka huo Urusi iliingia Ukraine. Nakumbuka nilisikia habari hiyo asubuhi, nikaomba kwa ajili ya watu wale, nikafunga redio, nikaenda zangu. Sikujua kwamba nimesikia habari za jikoni kwangu. Sehemu kubwa ya ngano tuliyokuwa tukila Kenya ilitoka katika nchi hizo mbili, na ngano kwetu Garissa ndiyo anjera ya asubuhi, ndiyo tambi, ndiyo mahamri ya watoto. Kisha mafuta ya alizeti ya Ukraine yakaadimika duniani, kila mtu akakimbilia mafuta ya mawese, nao Indonesia, ambao ni wakuzaji wakubwa kuliko wote, wakazuia mafuta yao yasitoke nchini tangu tarehe 28 Aprili mpaka 23 Mei. Mama aliyezoea kununua mafuta ya kupima alikuta kipimo ni kilekile, pesa ni zilezile, lakini mafuta hayafiki mahali yalipokuwa yakifika. Nayo petroli ilifika shilingi 159 kwa lita mjini Nairobi mwezi wa Juni, na 179 mwezi wa Septemba. Kwetu kila kitu huja kwa lori, basi kila kitu kililipa nauli hiyo, hata kiberiti.

Na juu ya hayo yote mvua ilikuwa imekataa. Tangu mwisho wa mwaka 2020 misimu mitano ilifuatana bila mvua ya kutosha. Ng'ombe walikufa, na mfugaji aliyekuwa akiuza mbuzi mmoja ili anunue chakula cha mwezi alifika sokoni na mbuzi asiyetakiwa na mtu. Mimi husikitika wanaposema "bei zilipanda" tu. Bei za kununua zilipanda, lakini bei ya kitu alichokuwa nacho maskini cha kuuza ilianguka. Hizo ni shida mbili, si moja.

Basi, siku ya Jumatano, tarehe 20 Julai 2022, Rais Uhuru Kenyatta alitangaza kwamba pakiti ya kilo mbili ya unga wa mahindi, iliyokuwa imefika shilingi 205, sasa itauzwa shilingi 100 kwa wiki nne. Ilikuwa kama Elisha amesimama mbele ya malango. Mnakumbuka nabii alisema nini siku ile Samaria ikifa kwa njaa? Alisema kesho wakati kama huu unga mzuri utauzwa langoni kwa shekeli moja. Na yule afisa aliyemshika mfalme mkono akacheka, akasema hata kama Mungu angefanya madirisha mbinguni jambo hilo haliwezekani.

Hata kwetu walikuwako waliocheka. Siku za kwanza hatukuona unga wa shilingi 100 wala wa 205. Rafu zilikuwa tupu. Watu waliwalaumu wenye maduka, wakawaita wezi. Mimi pia niliwalaumu, mpaka mmoja wao alinieleza kwa utulivu. Serikali iliwalipa wenye viwanda vya kusaga ile tofauti ya bei, haikumlipa mwenye duka. Mwenye duka aliyenunua unga wake kabla ya tangazo, kwa bei ya juu, akiuza kwa 100 anapoteza nusu ya mali yake, na akiuza kwa 205 ataambiwa ni mvunja sheria. Basi akafanya nini? Aliuweka nyuma ya pazia, akasema, "Umekwisha." Sisemi alifanya vema. Nasema nilifahamu.

Sasa, wapenzi wasikilizaji, nifike mahali ambapo si rahisi kwangu kufika.

Mwenye duka huyo ni Msomali, Mwislamu, mtu wa umri wangu, miaka arobaini na kitu. Kwake kila mvaa kola nyeupe ni "Padri", nami nimeacha kumsahihisha. Jumanne ya wiki iliyofuata alinipigia simu jioni. "Padri, unga wa mia moja umefika. Kesho nitauza pakiti mbili kwa kila mtu. Lakini wewe njoo leo baada ya sala ya Isha, pitia mlango wa nyuma."

Nilikwenda. Sikuuliza swali. Alinipa bunda zima, pakiti kumi na mbili, kwa shilingi 1,200, nami nikalibeba begani kwenye giza kama mtu aliyeiba, ingawa nilikuwa nimelipa. Nyumbani mke wangu akaniuliza tutaliweka wapi. Tukaliweka chini ya kitanda.

Kesho yake nilipita mbele ya duka. Foleni ilikuwa imefika barabarani, akina mama wenye shuka za kufunika kichwa na akina mama wenye leso, Waislamu na Wakristo pamoja, kila mmoja na shilingi zake 200 mkononi. Watatu walikuwa wa kanisa langu. Mmoja ni mke wa kibarua wa ujenzi, ana watoto watano. Aliniamkia, "Mchungaji, na wewe pia umekuja kupanga foleni?" Nilimjibu kwamba nina haraka. Hilo halikuwa neno la uongo, kwa maana kweli nilikuwa nataka kuondoka hapo haraka.

Chuoni nilikuwa na rafiki kutoka Tanzania. Yeye alinisimulia mambo aliyoyasikia kwa wazazi wake, jinsi maduka ya kwao yalivyokuwa matupu baada ya vita vya kumwondoa Idi Amin mwaka 1978 na 1979. Sabuni, sukari, kitambaa, vyote vilikuwa vya foleni na vya kujuana. Halafu mwaka 1983 Serikali, Edward Sokoine akiwa Waziri Mkuu, ikaanza kuwasaka walioitwa wahujumu uchumi. Rafiki yangu alisema baba yake, ambaye hakuwa mfanyabiashara hata kidogo, ila alikuwa na katoni moja ya sabuni zaidi ya mahitaji, aliichimbia shimo usiku nyuma ya nyumba. Mvua ikanyesha. Asubuhi ua wote ukatoa povu. Tulicheka sana siku hiyo. Nilipokuwa nimelala juu ya bunda langu Garissa nilimkumbuka baba yule, wala sikucheka.

Njaa ina hofu yake, na hofu hiyo si dhambi. Mtu mwenye watoto akiona rafu tupu moyo hushtuka, naye akipata nafasi hununua kwa ajili ya leo na kesho na kesho kutwa. Yusufu mwenyewe aliweka akiba Misri miaka saba. Lakini Yusufu aliweka akiba wakati wa wingi, tena ghala lake lilijulikana, na njaa ilipokuja aliyafungua. Mimi niliweka akiba wakati wa upungufu, kutoka katika fungu la watu waliokuwa wakingoja kupambazuke, na nikafunga mlango. Mithali sura ya 11 inasema watu humlaani azuiaye nafaka. Nilikuwa nimewahi kuhubiri mstari huo, na nilipouhubiri nilikuwa nikiwatazama wafanyabiashara.

Siku ya tatu mke wangu aliniambia maneno ambayo sijayasahau. Alisema, "Siku hizi naona aibu kupika ugali mlango ukiwa wazi."

Jumamosi mlango ulibishwa. Alikuwa mjukuu wa jirani yetu, mama mzee tunayemwita sote Ayeyo, yaani nyanya kwa Kisomali. Ayeyo alihamia mjini kutoka upande wa Balambala baada ya ng'ombe wake kufa kwa ukame, akabaki na wajukuu na chumba kimoja. Mtoto alishika sahani iliyofunikwa, anjera nne za moto, na chupa ya soda iliyojaa mafuta ya kula nusu. Akasema, "Ayeyo anasema watoto wa Padri wasile anjera kavu."

Mafuta, wapenzi wasikilizaji, katika mwaka ule! Nilichukua sahani. Sikuweza kumkaribisha mtoto ndani, kwa sababu kitanda chetu huonekana kutoka sebuleni.

Usiku ule nilikaa kutayarisha mahubiri. Kanisani tulikuwa tukifuata vitabu vya Wafalme, na zamu ya Jumapili ile ilikuwa hasa sura hii ya 7. Mnajua habari yenyewe. Watu wanne wenye ukoma, waliokaa nje ya lango kwa sababu mji hauwataki, wanaamua kwenda kambi ya Washami, kwa maana kufa ni kufa. Wanakuta kambi haina mtu. Mungu amewasikizisha maadui kishindo cha jeshi, nao wamekimbia wakaacha hema, punda na vyakula. Wale wanne wanakula, wanakunywa, wanabeba fedha na nguo, wanakwenda kuficha. Wanarudi, wanaingia hema nyingine, wanabeba, wanakwenda kuficha tena.

Mimi nilikuwa nimeisoma sehemu hiyo mara nyingi, na daima niliharakisha kufika kwenye maneno yao mazuri. Usiku ule nilikwama hapo kwenye kuficha. Walificha mara mbili. Walikuwa watu wenye njaa kweli, walionyimwa na mji, na hata hivyo walipotazamana mikono ikiwa imejaa waliambiana kwamba hawafanyi vema, kwamba leo ni siku ya habari njema nao wamenyamaza. Nao walikuwa na haki ya kinyongo kuliko mimi. Mji haukuwahi kuwapa kitu. Mimi mji ulikuwa umeniletea anjera saa kumi jioni.

Jumapili sikuhubiri sura ya 7. Nilichukua Zaburi, nikaeleza kwa ufupi, nikamaliza mapema. Nadhani washarika walifurahi.

Jumatatu asubuhi tulihesabu. Pakiti moja tulikuwa tumekula, moja imefunguliwa, moja nilikuwa nimempa mtunza kanisa, nikijidanganya kwamba ni kama zaka. Zilibaki tisa. Nilibeba nane nikazirudisha. Ya tisa, niseme kweli, nilibaki nayo.

Nilidhani mwenye duka atafurahi. Alikasirika. Alinivuta nyuma ya pazia, akasema, "Padri, mimi nilikupa heshima, wewe unaniletea aibu mbele ya wateja?" Nilianza kueleza, akanikatiza. Akaniuliza kama nakumbuka Aprili 2015. Nani hapa Garissa asiyekumbuka? Tarehe 2 mwezi huo watu 148 waliuawa Chuo Kikuu, wengi wao wanafunzi, na wauaji waliwatenga Wakristo. Akasema, "Wiki zile watu wako waliogopa kuingia duka langu, nami niliogopa kuwatazama usoni. Niliweka nadhiri moyoni kwamba siku moja nitawatendea jambo. Sasa nimelitenda, nawe unalirudisha."

Nilikaa juu ya gunia la mchele, bila jibu. Nilikuwa nimekuja kuungama dhambi yangu, nikakuta niko karibu kukanyaga toba ya mtu mwingine. Mwishowe nilimwambia tu habari ya wenye ukoma wanne. Alisikiliza vizuri, maana Elisha wanamjua, wao humwita Al-Yasa. Akaniambia kwamba wao nao wana sura katika Kurani inayoitwa kwa jina la watu wanaopunja vipimo, na kwamba baba yake alimfundisha kuikumbuka kila anapogusa mizani. Nikamkumbuka Amosi sura ya 8, wale wafanyabiashara waliongoja sabato iishe ili wapunguze kipimo na kuongeza bei. Tukazungumza mambo ya mizani kama watu wawili wa kazi moja.

Kisha akauliza, "Na wewe ungetaka nifanye nini na heshima yangu?"

Nilimwambia, "Heshima nimeipokea, nayo nitakaa nayo. Unga uweke mbele."

Alinitazama kwa muda, akamwita kijana wake. Pakiti nane zikapangwa juu ya kaunta, shilingi 100, moja kwa kila mtu. Sikujua kama watu wangekuja, kwa maana siku ile hakuna aliyetarajia unga. Lakini katika nyakati kama zile habari ya unga haihitaji redio. Watu walikusanyika, wakasukumana kidogo, nami nikamkumbuka yule afisa wa mfalme aliyekanyagwa langoni na wanunuzi siku bei iliposhuka, nikasogea kando ya ukuta. Adhuhuri haijaadhiniwa, kaunta ilikuwa tupu.

Wa tisa alikosa. Alikuwa yule mama wa kanisa langu, mke wa kibarua, amefika anahema, na noti yake ya mia imekunjwa ndani ya kitambaa. Alisimama akitazama kaunta. Halafu akanitazama mimi.

Nilimwambia, "Mama, ningoje hapo hapo." Nikaenda nyumbani, nikainama chini ya kitanda, nikarudi na ile ya tisa. Aliipokea kwa mikono miwili, akanipa noti yake. Nilipokataa, akakataa kukataa kwangu. "Mchungaji, bei ya Serikali ni mia moja. Mimi sikuja kuomba, nimekuja kununua." Basi nikaipokea, nikamkabidhi mwenye duka anunulie mafuta, na jioni chupa ya soda ya Ayeyo ikarudi kwake.

Na tuombe. Ee Bwana, uwakumbuke leo madereva wa malori walio barabarani usiku, na wenye maduka wanaofungua daftari za deni wasijue wafanyeje. Umkumbuke mama anayehesabu sarafu zake mara ya pili. Uwakumbuke watu wa nchi zilizo vitani, ambao tunawasikia asubuhi na kuwasahau adhuhuri. Utusikie kwa ajili ya Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.

Kwa herini, wapenzi wasikilizaji, mpaka tutakapokutana tena.